Neno la Nenibe

Betafo, 4 Januari 1984

Haingo,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na usidhani imepungua kwa sababu nimekamua ng'ombe kwanza. Katika nyumba hii msichana akifikisha miezi minane anarudi kujifungulia kwa aliyemlea. Wewe umebaki huko Miandrivazo kwa kuwa mumeo, Bwana Mwalimu Solofo, ana madaftari ya kusahihisha. Atazaa yeye? Hayo madaftari ndiyo yatakayokukanda mgongo?

Haya, hukuja. Basi sheria za nyumba zitakufuata huko huko. Naivo wa lori la karoti anakuletea mzigo. Mna blanketi mbili za sufu, sweta tatu, moja ya marehemu babu yako, na usiikatae kwa matundu yake. Mna kofia, soksi, pamba ya kuziba masikio. Majani machungu ya mtoto nimeyafunga kwenye gazeti. Yachemshe, umpe vijiko vitatu asubuhi na vitatu jioni kabla hujamweka kifuani, yamsafishe tumbo.

Ukishajifungua unakaa jotoni miezi miwili. Dirisha lifungwe, makaa yawe chini ya kitanda, nguo zote mwilini. Maji ya baridi usiyaguse, ya kunywa wala ya kunawa. Mwili wa mzazi uko wazi, baridi ikiingia haitoki.

Mama yako Vololona, mke wa marehemu mwanangu, alinishinda kwa ubishi. Siku ya tatu alikunywa maji ya mtungini nikiwa shambani. Maziwa yakakatika palepale, na wiki haikuisha tukamzika. Hakukunyonyesha hata siku moja. Wewe ni mtoto wa maziwa ya ng'ombe na uji wangu. Kwa hiyo usijidanganye, wanawake wa damu yenu matiti yenu ni ya kubembelezwa. Ukifanya uzembe kidogo tu yanakauka.

Mimi shule nimesoma miaka miwili tu, kwa mchungaji, lakini nimezaa sita na nimekaa jotoni mara sita, na bado nabeba ndoo mbili za maziwa kila alfajiri. Huyo mkunga wenu mwenye cheti abebe ndoo zangu tuone.

Nenibe, bibi yako,
Razanamavo


Miandrivazo, 13 Januari

Nenibe mpenzi,

Nimejifungua tarehe tisa, mtoto wa kike. Ana kilo tatu na robo. Nywele nyingi, na anakunja uso kama wewe ukimpigia Naivo hesabu ya ndoo. Nyumbani kwako ungesema ni mbaya kama mbwa, ili wabaya wasimwone, kwa hiyo nami nasema ni mbaya sana, Nenibe. Ni mbaya hata siwezi kuacha kumtazama.

Mkunga, Madamu Perline, alimweka kifuani mwangu hata kabla hajapanguswa vizuri. Alinyonya! Ni yale maziwa ya njano mazito. Nilimwambia kwetu tunayamwaga. Akasema, "Kwenu yamwageni basi, binti, huyu hapa mwache ale." Kasema pia nisimpe kitu kingine chochote, hata tone la maji.

Sasa sijui nimsikilize nani. Mzigo wako umefika. Nimevaa sweta zote tatu. Nenibe, wewe hujawahi kushuka huku. Bati linalia kwa jua kuanzia saa tatu asubuhi, na mbwa wanalala ndani ya mtaro. Jirani yangu Soavelo alichungulia akacheka mpaka akakaa chini: "Nyie watu wa milimani! Mzazi huyo au ndizi ya kuivishwa?" Solofo naye anasema ni wazimu. Nimemwambia yeye hakulelewa na wewe.

Naomba uniambie kama naweza kuvua sweta moja. Ya babu si lazima iwe hiyo.

Mjukuu wako,
Haingo


Betafo, 20 Januari

Haingo,

Hapana.

Hata moja. Huko jua ni la nje, joto ninalotaka mimi ni la ndani ya mifupa. Huyo Soavelo akicheka mwambie aje anicheke mimi.

Yale ya njano mpaka sasa umeshampa, basi. Ndama ndiye anayepewa yale, asipoyapata hasimami, lakini mtoto wa mtu si ndama. Ndiyo maana majani yangu yanatakiwa zaidi sasa, ili yatoe uchafu huo. Vijiko vinne badala ya vitatu.

Madamu Perline asiingie tena chumbani. Kila akifungua mlango upepo unaingia naye. Amezaa wangapi yeye? Muulize.

Na kwa kuwa nakujua, na najua ulivyo mwepesi wa kuambiwa na watu, utaniapia. Weka mkono juu ya mtoto uape kwa jina la mama yako kwamba hutavua, hutatoka, wala hutakunywa cha baridi mpaka mimi niseme kwa mdomo wangu au kwa mkono wangu. Ukishaapa niandikie. Nisipopata barua hiyo sitalala.

Nimefurahi kwamba ni mbaya.

Nenibe


Miandrivazo, 2 Februari

Nenibe,

Nimeapa. Nilimwekea mtoto mkono kichwani, Solofo akatoka nje asisikie.

Majani nampa vijiko vinne. Analala sana siku hizi. Nikimweka kifuani anagusa tu, anasinzia, ziwa linabaki limejaa. La kushoto limekuwa gumu kama kiazi kisichoiva, na limepata moto. Mimi mwenyewe nina moto, kisha natetemeka, meno yanagongana katika joto hili, kisha nalowa jasho blanketi zote mbili. Nikasema, hili ndilo joto alilolitaka Nenibe, limefika mifupani.

Madamu Perline alikuja juzi. Nilimzuia mlangoni kama ulivyosema. Akapenyeza mkono akanishika paji la uso, akasema, "Mtu ana sweta tatu Miandrivazo, chini yake makaa. Mimi nitajuaje kama homa hii ni yake au ya sweta?" Akataka kuona matiti. Nikafunga mlango. Nilimsikia amesimama nje muda mrefu, kisha akaenda zake.

Maziwa naona yanapungua. Mtoto wiki mbili zilizopita alikuwa akisikia sauti yangu anageuza macho. Sasa naita, hageuki. Analia kidogo tu, sauti kama ya paka aliye mbali. Labda kweli nimemfuata mama, sina kitu. Nikimtazama namwonea aibu, kana kwamba nimemkaribisha mgeni na jiko halina moto.

Haingo


Betafo, 9 Februari

Mjukuu wangu,

Hapo sasa umesema kama mtu wa nyumba hii. Kutetemeka na kulowa jasho ndiyo baridi inatoka. Mimi kwa mtoto wa pili nililowa hivyo siku tisa, na leo nani anaugua hapa? Ongeza makaa.

Kuhusu maziwa nilikwambia mapema, usije ukalia. Damu yenu ndivyo ilivyo. Mpe maji ya wali ya uvuguvugu kwa kijiko, na majani usiache. Kulala ni vizuri, mtoto anayelala anakua.

Mvua huku haina adabu. Naivo anasema barabara imeanza kuliwa na mto upande wa Mandoto. Kama barua zitachelewa usiogope. Kaa ulivyo.

Nenibe


Miandrivazo, 14 Februari

Kwako Nenibe,

Shikamoo. Ni mimi Solofo. Najua hupendi nikuandikie, lakini Haingo hawezi kushika kalamu.

Hasimami. Hali chochote. Ziwa la kushoto limekuwa jekundu hadi kwapani, na ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta. Jana nilimshika kwa nguvu nikalikamua kidogo, akapiga kelele. Kilichotoka si maziwa ninayoyajua mimi. Kina nyuzi na mabonge madogo, kama maziwa yaliyoganda, yamechanganyika na maji ya njano. Mtoto hataki hata kulinusa.

Nimemwambia twende zahanati, ni mwendo wa nusu saa tu. Anasema ameapa kwa mama yake mpaka wewe useme. Nimemvua sweta kwa nguvu, akazivaa tena akilia. Ananiambia, "Unataka nife kama yeye?" Nenibe, mimi nimesoma, nafundisha watoto sitini, na ndani ya nyumba yangu sina neno. Neno unalo wewe.

Barabara imekatika. Barua hii inabebwa na mtu anayekwenda Mandoto kwa miguu. Nakuomba. Lete neno lako.

Solofo


Betafo, 17 Februari

Solofo, msomee hii kwa sauti. Usianze na salamu, anza hapa:

Haingo, vua. Vua zote. Mimi Razanamavo nimesema, kiapo kimekwisha, nimekuvua mimi mwenyewe. Toeni makaa. Fungua dirisha. Kunywa maji, ya baridi, ya mtungini, mpaka utosheke. Nendeni zahanati, na kama hawezi kutembea ng'oeni mlango mumlaze juu yake mumbebe. Majani yatupeni. Mtoto awekwe kifuani, ziwa zima kwanza, na lile bovu likamuliwe lisibaki limejaa.

Nyuzi. Niliposoma nyuzi kwenye barua ya mumeo nilikuwa nimeshika ndoo na nikaketi chini kwenye kinyesi. Miaka arobaini nakamua. Ng'ombe akiwa na kiwele kigumu chenye moto, akatetemeka, akatoa nyuzi, mimi simfuniki blanketi. Nampigia kelele mpaka majirani waje, namkamua kila saa, nampa maji, namwita bwana mifugo hata kama ni siku ya kanisa. Ng'ombe wangu Vanda aliumwa hivyo mwaka juzi, na yuko hapa. Wewe nilikwambia uongeze makaa.

Na lingine, ulisikie sasa, maana nikingoja nitalimeza tena. Mama yako hakunywa maji ya baridi. Hakufanya ubishi. Alitii kila kitu. Alikuwa na blanketi nne, mimi ndiye niliyemfunika nazo, na alikuwa na moto na kutetemeka kama wewe, nami nikamwambia ndiyo baridi inatoka. Alipokufa watu waliuliza, nikasema amekunywa maji. Nilisema mara moja, kisha ikabidi niseme siku zote.

Nilitaka kuja mwenyewe. Nilipanda na Naivo mpaka pale barabara ilipokatika. Mto umebeba daraja. Nilishuka, nikaingia majini mpaka magotini, Naivo akanivuta kwa nguo kama mbuzi. Barua hii Naivo atampa kijana mmoja wa pale anayejua kuogelea.

Vua, mwanangu.

Nenibe


Miandrivazo, 1 Machi

Kwa Bibi Razanamavo,

Mimi ni Perline, mkunga. Tumesikiana majina tu.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na tatu ikiwa imelowa, lakini ilisomeka. Haingo alikuwa ameshafika kwangu tangu tarehe kumi na tisa. Si kwamba alikubali. Alifika mahali hajui tena nani anamgusa, ndipo alipoacha kukataa, na mumewe akambeba. Huyo kijana usimchukie. Alikuja anakimbia na mke mgongoni, na mtoto amefungwa kifuani kwake kama wanawake wanavyofunga.

Tulilipasua ziwa la kushoto. Usaha uliotoka ulijaza bakuli ya supu. Homa imekwisha, anakaa, anakunywa uji. Ziwa hilo sitegemei litatoa maziwa kwa mtoto huyu, na pengine kwa wengine pia. Lina shimo ambalo nalifunga kwa kitambaa kila siku.

Mtoto yu hai. Ana wiki saba na ni mwepesi kuliko siku aliyozaliwa. Jirani yenu Soavelo anamnyonyesha pamoja na wake, lakini wake ni pacha, na wiki ijayo anahamia ng'ambo ya mto kwa kilimo cha tumbaku. Maziwa ya kopo hapa hayapatikani tangu barabara ikatike.

Sasa sikiliza, bibi, maana hapa ndipo nilipokwama. Ziwa la kulia lina maziwa. Nimelikamua kwa vidole vyangu, nimeona. Si mengi, kwa kuwa halinyonywi, na kila siku isiyo na mtoto yanapungua. Ningempata mwanamke anayejiamini, kwa siku tano yangerudi yote. Haingo hajiamini. Anageukia ukutani. Anasema, "Madamu, usinihangaishe, wanawake wa kwetu hatuna maziwa, mama yangu hakuwa nayo hata siku moja." Nikimwonyesha tone kwenye kidole anasema ni usaha. Mtoto akilia yeye anaziba masikio. Jambo hili kalitoa wapi? Kama ni wewe uliyelitia, mimi cheti changu hakiwezi kulitoa.

Amesoma barua yako. Ameisoma mara nyingi. Leo ameniomba nikuulize maswali mawili, nayaandika kama alivyoyatamka: "Mama aliomba maji? Na mimi, siku hizo, nilikuwa nanyonya nini?"

Jibu upesi. Jibu kweli.

Perline


Betafo, 5 Machi

Haingo,

Aliomba.

Aliomba siku ya tatu, na ya nne, na ya tano. Siku ya tano alikuwa haombi kwa maneno, alikuwa anautazama mtungi. Nilimpa maji ya moto ya ukoko wa wali kwa kijiko, akayatema. Nikamgombeza. Nilimwambia ana deko. Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia akiwa bado anasikia, deko, kwa mtu aliyekuwa anaungua.

La pili. Ulikuwa unanyonya.

Mama yako alikuwa na maziwa, Haingo. Alikuwa nayo mpaka yanalowesha sweta, mpaka nikamkunjia vitambaa. Ulizaliwa mchana, jioni ulikuwa umeshashiba umelala mdomo wazi. Siku zote tano ulinyonya kwake. Siku ya sita asubuhi niliingia na makaa mapya nikakukuta umeng'ang'ania, unavuta, unapiga kwa kigumi chako, umekasirika kwa kuwa yamekuwa baridi. Nilikutoa mimi. Ulinilia siku nzima.

Kwa nini nilisema hakukunyonyesha? Kwa sababu ukishawaambia watu maji yalimkata maziwa, huwezi tena kusema maziwa yalikuwepo. Na wewe ulipokua ukauliza, nikaona afadhali umwone mama yako mbishi kuliko kunitazama mimi kila siku kwenye chakula ukijua. Nyumbani nilikuwa nimebaki na wewe tu. Hiyo si sababu, naiandika kwa kuwa umeagiza kweli.

Kwa hiyo hakuna damu ya wasio na maziwa. Niliitunga. Damu yenu ni ya maziwa mengi, na mimi ndiye niliyeyakausha mara mbili kwa blanketi. Ulipokuwa unamwonea mtoto wako aibu, ile aibu ilikuwa yangu.

Sasa nitakugombeza, maana sijui kukupenda kwa njia nyingine na nimezeeka mno kujifunza. Kaa. Usilale umegeukia ukuta kama mtu aliyekosa nauli. Chukua huyo mtoto. Ziwa la kulia linatosha. Usingoje ziwa lijae ndipo umpe. Halijai ndipo anyonye, ananyonya ndipo lijae, hilo hata mtu asiyejua kusoma analijua, na mimi nililijua nikakunyima. Mweke kila anapochezesha mdomo. Akisinzia mkune unyayo. Siku ya kwanza utadhani hakuna kitu. Siku ya pili utadhani hivyo hivyo na utanitukana, nitukane, lakini usimtoe. Msikilize koo. Akimeza, utasikia.

Ongea naye. Asipogeuza macho, ongea. Yatarudi macho hayo, akishiba.

Mto ukipungua nitakuja. Nitalala kwa jirani kama hutaki niingie. Nitafua tu.

Razanamavo


Miandrivazo, 24 Machi

Nenibe,

Siku mbili za kwanza nilikutukana kama ulivyosema. Solofo aliwafukuza wanafunzi waliokuja kuniona, wasisikie.

Siku ya tatu nilisikia koo.

Ana kilo tatu na robo, kama siku aliyozaliwa, miezi miwili na nusu imepita bure. Madamu Perline anasema shingo yake ilipaswa kuwa ngumu zaidi kufikia sasa, na hajui kama atachelewa katika mengine. Tutaona akikaa, tutaona akitembea. Jana alikuwa ananyonya, akaacha, akanitazama, maziwa yakamtoka pembeni mwa mdomo. Alinitazama mpaka nikashindwa kumtazama mimi.

Nimempa jina. Anaitwa Vololona.

Naivo anasema mto umepungua. Usije. Sio mwaka huu. Nikikuona nitakuhurumia, na sitaki kukuhurumia bado.

Haingo